Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Misingi ya Mitambo ya Upepo katika Udongo wa Mfinyanzi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zitawasilishwa na mweka hazina. Taarifa yangu naielekeza kwenye suala lililoichukua kamati muda mrefu kuliko mengine yote, yaani hali ya misingi ya mitambo ya upepo miaka mingi baada ya mkandarasi kukabidhi kazi.

Mitambo ya kwanza nchini Kenya ilisimamishwa Ngong mwaka 1993, lakini mingi tuliyo nayo, ikiwamo 60 ya Kipeto huko Kajiado, bado ni mipya, ilhali mtambo hutarajiwa kufanya kazi miaka 20 hadi 25. Jengo la ghorofa huulemea udongo kwa uzito usiobadilika sana. Mtambo huusukuma msingi wake huku na huku mamilioni ya mara. Udongo wa mfinyanzi haupitishi maji upesi, kwa hiyo upepo mkali unapodumu, shinikizo la maji yaliyomo kati ya chembe zake huweza kulimbikizana, udongo ukalegea na mnara ukaanza kuinama. Msingi uliolegea pia hupunguza kasi ya mtikisiko wa asili wa mnara, yaani mara ngapi mnara huyumba wenyewe kwa sekunde, na kasi hiyo ikikaribiana na ile ya mzunguko wa mapanga, chuma huchoka kabla ya wakati wake.

Udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kapiti huongeza tatizo la pili: huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Chini ya msingi mpana, katikati hubaki na unyevu huku kingo zikikauka, na tofauti hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Katika majaribio ya PISA, utafiti kuhusu nguzo za misingi ya mitambo ya upepo ya baharini, yaliyofanyika Cowden, Uingereza, nguzo za chuma zilizosimikwa katika udongo mgumu wa mfinyanzi zilisukumwa kwa ubavu, ikadhihirika kwamba kanuni zilizotokana na nguzo nyembamba zilikadiria ugumu wa udongo chini ya ulivyo kwa nguzo nene. Matokeo hayo ni ya mitambo ya baharini, wala hayafai kuhamishiwa Kajiado jinsi yalivyo. Tunachopaswa kuiga ni kupima kwenye udongo wenyewe.

Kamati inapendekeza mwinamo wa kila mnara upimwe siku ya makabidhiano, kisha kabla na baada ya kila masika, na vipimo vihifadhiwe katika jalada moja. Mkaguzi aangalie pia mahali mnara unapoingia kwenye zege: maji ya kijivu yenye unga wa saruji yakitoka hapo, chuma kinasaga zege kwa ndani. Mifereji na mitaro ya nyaya isielekeze maji kwenye msingi. Pendekezo hili litapigiwa kura katika mkutano mkuu, nami naliunga mkono kwa moyo wote.

Mwenyekiti