"Sitaki mashine" haitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na wanaouguza wazee. Karatasi ya matakwa ya mzee kuhusu matibabu, ya kutumika siku atakaposhindwa kujisemea, ikiandikwa tu "sitaki mashine" haimsaidii daktari wa zamu. Mashine ipi? Ya kupumulia siku 3 mpaka nimonia itulie, au ya miezi bila matumaini ya kuzinduka? Mzee huyo huyo anaweza kuikubali ya kwanza na kuikataa ya pili. Muulizeni hali, si kifaa: afikie wapi ndipo aseme basi? Asipowatambua wanawe? Asipoweza kutoka kitandani? Jibu liandikwe kwa maneno yake, na tarehe na sahihi yake.

Lakini karatasi haijibu maswali, mtu hujibu. Familia nyingi humteua mtoto wa kwanza kuwa msemaji wa mzee kwa heshima tu. Afadhali awe anayepokea simu usiku, asiyeyumba ndugu wakivutana, atakayetetea matakwa ya mzee hata kama mwenyewe hayapendi. Awepo na wa akiba. Ndugu wengine waelezwe mapema, mzee akiwa amekaa hapo hapo, maana anayewasha moto wodini huwa yule aliyefika jana.

Mwenye dalili za kusahau asicheleweshwe. Zungumzeni naye asubuhi kabla hajachoka, miwani machoni na kifaa cha kusikia sikioni, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Akiwa amelazwa na homa imemvuruga akili, msimwekeshe sahihi kwenye karatasi yoyote.

Mpira wa kulishia, unaopitishwa puani au tumboni, ndio unaogombanisha watu zaidi. Dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, ikifika hatua za mwisho, mpira haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia chakula kuingia mapafuni. Kumlisha kwa kijiko, taratibu, ameketi wima, kiasi anachotaka mwenyewe, si kumtelekeza. Kukandamiza kifua moyo ukisimama nako huvunja mbavu mara nyingi, na wazee dhaifu wanaopona na kurudi nyumbani ni wachache. Daktari aulizwe haya waziwazi.

Nakala moja abaki nayo msemaji, nyingine iingie kwenye faili la hospitali, nyingine ikae nyumbani na orodha ya dawa na dozi zake. Iliyofungiwa kabatini ni kama haipo. Mashahidi wangapi wanahitajika, sheria hutofautiana nchi na nchi, ulizeni. Isomwe upya kila mwaka, na kila mzee anapotoka kulazwa au kufiwa na mwenzi. Akibadili mawazo, nakala zote za zamani zikusanywe na kuchanwa, kwa sababu daktari akiletewa mbili zinazopingana anaweza kuendelea na matibabu yote.

Muuguzi wa tiba shufaa (huduma ya kuwapunguzia maumivu na mateso wenye maradhi mazito)