Risala ya wazazi na walezi wa kundi la Jumamosi kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mwalimu Mkuu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Walimu, wazazi wenzetu, nanyi watoto mlioketi mbele,

Shikamooni wakubwa. Wengine, habari za asubuhi.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni wazazi na walezi wa watoto ambao mtaani wanaitwa wenye kisirani. Hatumsemi mtoto aliyekasirika kwa kunyimwa andazi. Hata sisi tungekasirika. Tunamsema anayeamka amenuna, akiambiwa avae soksi anavunja kikombe, na kesho hivyo hivyo. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza hali hii kwenye mwongozo wao wa magonjwa: milipuko mara 3 au zaidi kwa wiki, na kati ya milipuko mtoto bado amenuna karibu kutwa nzima, kwa mwaka mzima au zaidi. Si kila mtoto wetu ana vigezo hivyo, na wa kuamua ni daktari. Ila tulipofika hapa tulikuwa tumeshapita kwenye fimbo, maombezi na kombe.

Kila Jumamosi watoto hukaa duara na muuguzi wa afya ya akili pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha. Mchezo wanaoupenda kuliko yote ni wa sura. Inanyanyuliwa picha ya mtu, wanakisia ana nini. Mwanzoni jibu lilikuwa moja tu: "Kakasirika." Tukaelezwa kwamba mtoto wa namna hii huona ugomvi hata kwenye uso uliotulia, akawahi kujihami. Siku moja mmoja akabisha: "Huyu kachoka tu, kama mama akitoka sokoni." Mama huyo alikuwa nasi chumba cha pili, aliposimuliwa, alinyamaza muda mrefu. Neno lile tungelisema sisi watu wazima lisingeingia. Limeingia kwa sababu limetoka kwa mwenzao anayevunja vikombe kama wao.

Wana msemo wao pia: "Maziwa yanapanda." Aliyewahi kuchemsha maziwa kwenye jiko la mkaa anajua kwamba yakishafoka hakuna cha kuokoa, unayawahi yakianza kuumuka. Mtoto akihisi kifua kinabana na mikono ina joto, anausema, anatoka nje, anapumua taratibu, anarudi.

Nasi wazazi tuna masomo yetu saa hiyo hiyo, na tukiri kwamba ni magumu kuliko ya watoto: kushusha sauti, kusifia jambo dogo lililofanyika vizuri, kutobadili adhabu kila tukipandwa na mori.

Ndugu Mgeni Rasmi, muuguzi wetu ni mmoja, na huja siku yake ya mapumziko. Tunaomba kazi hii iingizwe kwenye ratiba yake, na apatikane wa pili. Tunaomba chumba chenye pazia, maana wapita njia huchungulia na Jumatatu watoto wanataniwa. Na tunaomba utusaidie kuzungumza na walimu: mtoto aliyeomba kutoka nje kwa sababu maziwa yanapanda asichapwe kwa utoro. Limetokea, na ilituchukua wiki kadhaa kumrudisha kwenye duara.

Mwisho, watoto wanaomba picha yako waiongeze kwenye mchezo wao. Ukikubali, tafadhali usicheke kabla hawajakisia.

Tunaomba kuwasilisha.