Wajina, Mufasa naye alikuwa na kigugumizi

Tukuyu, Jumapili jioni

Wajina wangu,

Ugonile! Huku mvua haijakatika tangu Alhamisi, Mlima Rungwe wenyewe umejificha, nami nimekaa jikoni kwa mama karibu na mafiga, moshi machoni, daftari mapajani. Kama mwandiko unayumba, laumu kuni mbichi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kwamba umeitwa kwenye usaili wa kuingiza sauti katika tamthilia ya Kituruki, umefika ukurasa wa kwanza, herufi "m" ikakukaba koo, na yule msimamizi akakwambia sauti unayo ila ulimi huna. Nilitaka nikupigie palepale, nikaona nitaishia kumtukana mtu nisiyemjua. Ndiyo maana naandika.

Unalikumbuka banda la video la Mwanjelwa? Ulishindwa kumwambia mwenye banda "mbili", ukanyoosha vidole. Lakini tukirudi nyumbani ulimwigiza Lufufu, yule msimuliaji wa filamu za kigeni kwa Kiswahili, filamu nzima, jambazi, polisi na mwanamke anayelia, wote wewe, na bibi akicheka mpaka anafuta machozi kwa khanga. Hukujikwaa hata mara moja. Hilo nimelifikiria wiki nzima, kwa sababu kuna mzee mmoja Mmarekani ambaye mambo yake yalikuwa hayohayo.

Mufasa, baba yake Simba katika ile katuni ya 1994, The Lion King, sauti yake ilikuwa ya James Earl Jones. (Tulivyocheka kusikia ngiri anaitwa Pumbaa! Na "hakuna matata" yao, wakati sisi huku tunasema hamna shida.) Alizaliwa Mississippi mwaka 1931. Baba yake, ambaye naye alikuja kuwa mwigizaji, aliiacha familia mapema, kwa hiyo mtoto akalelewa na babu na bibi. Alipokuwa na miaka kama mitano familia ikahamia Michigan, na huko ulimi ukafunga. Kwa miaka kama minane karibu hakusema na watu kabisa. Aliongea na mifugo ya shambani. Nilipofika hapo nilikukumbuka wewe na yule ng'ombe wa bibi, sina haja ya kusema zaidi.

Sekondari akakutana na mwalimu, Donald Crouch, aliyegundua kwamba kijana huyu bubu anaandika mashairi. Jones alikuwa ametunga moja la kulisifia balungi. Wewe na mimi tungeandika la parachichi, lakini sawa. Mwalimu akamwambia shairi hili ni zuri mno, sina uhakika kama ni lako, thibitisha kwa kulighani mbele ya darasa kwa kichwa. Akasimama akalighani, na maneno yakatoka yote. Kumbe maneno yenye mapigo, yale ambayo mtu ameshayajua, yanapita pale ambapo ya kuokoteza hukwama. Ndivyo Lufufu alivyokupitisha wewe.

Usidhani alipona. Alikiri mwenyewe mpaka uzeeni kwamba kigugumizi bado anacho, ila alijua kukizunguka, anachagua neno kabla hajafungua mdomo. Mimi nadhani ule utulivu wake, kila neno likidondoka kama tofali, ulizaliwa hapo.

Mengine nayapitia haraka. Alianza chuo akitaka udaktari, akahamia maigizo, akaenda jeshini, kisha New York ambako alisafisha majengo ili ale. Jukwaani alipata tuzo ya Tony mwaka 1969. Mwaka 1977 akawa sauti ya Darth Vader, yule mwenye kofia nyeusi katika filamu ya Star Wars, kwa dola 7,000. Mwili ulikuwa wa Mwingereza David Prowse, na Jones mwenyewe hakutaka jina lake liandikwe mwishoni, akisema kazi yake ilikuwa kama madoido tu. Kwenye televisheni alichukua tuzo mbili za Emmy usiku mmoja, 1991. Hata ile sauti nzito ya kuitangaza CNN ilikuwa yake. Amefariki Septemba 2024, na miaka 93.

Kuna moja silipendi. Mwaka 2022 alikubali sauti yake ya Vader iendelee kutengenezwa na kompyuta. Ni haki yake, alikuwa mzee wa miaka 91. Ila niliposoma nilikuwaza wewe, ambaye hata kuanza hujaanza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mufasa alirekodiwa kwanza, wachoraji wakaufuata mdomo wake. Wewe unafanya kinyume, mdomo wa Mturuki umeshafungwa zamani na wewe ndiye unayeufuata. Nimekaa nikaiangalia tamthilia ya mama bila sauti. Akisema "tamam" anafunga midomo; sisi tukiweka "sawa" mdomo wetu unabaki wazi, kwa kuwa maneno yetu karibu yote yanaishia kwenye irabu. Kwa hiyo hukuwa unapambana na "m" peke yake. Ulipewa karatasi ukiwa umesimama, hujaisoma hata mara moja, uikimbize midomo ya mtu. Omba karatasi siku moja kabla, uikariri kama ulivyomkariri Lufufu. Wakikataa, nenda kwingine. Siku hizi wanaoingiza sauti si mmoja.

Nimekutumia ndizi na debe la viazi kwa basi la kesho asubuhi, kondakta ana namba yako. Mama anauliza kama Dar umekonda. Nirekodie ukurasa uleule uliokushinda, lakini usiusome. Uimbe, uughani, fanya unavyotaka, halafu nitumie. Nitamsikilizisha bibi.

Wajina wako