Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Karakana ya Darubini

Ndugu wanachama,

Shughuli nyingine za chama zimo katika taarifa ya katibu, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia karakana peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya fedha zetu na ndiyo yenye jambo linalohitaji uamuzi wenu leo.

Tumeshikilia kanuni kwamba kila anayeanza asugue kioo cha darubini, kile kinachokusanya mwanga, cha kipenyo cha milimita 150 chenye fokasi (umbali hadi mahali miale inapokutana) ya milimita 1,200. Wapo walionung'unika wakitaka kuanza na kikubwa zaidi, lakini kamati haikulegeza msimamo: kwa vipimo hivyo bonde linalochimbwa katikati ya kioo lina kina cha milimita 1.2 hivi, kazi ambayo unga mgumu wa kusagia, silikoni kabaidi, huimaliza kabla mtu hajakata tamaa, na uso wa kioo ukishakuwa kama kipande cha ndani ya tufe, marekebisho ya kuufikisha kwenye parabola, umbo linalokusanya miale ya nyota mahali pamoja, ni madogo mno.

Kilichotusumbua ni kung'arisha. Maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi; katika joto la Dar es Salaam la Januari na Februari, lami ya utomvu inayoshika oksidi ya seriamu, unga laini wa kung'arishia, hulegea, mifereji iliyochongwa juu yake hujifunga, na ukingo wa kioo huanza kulika. Sasa tunaichemsha lami kwa muda mrefu zaidi ili iwe ngumu, na tunang'arisha alfajiri.

Upimaji unaendelea kwa njia aliyoibuni Mfaransa Léon Foucault mwaka 1858, inayohitaji taa ndogo, wembe na subira: wembe hukata mwanga wa taa unaorudi kutoka kwenye kioo, na vivuli vinavyoonekana huonyesha kasoro za uso wake. Wanafunzi wapya huambiwa waweke kidole gumba juu ya kioo kwa muda mfupi, kisha warudi kuchungulia kwenye ukingo wa wembe: huona kivimbe kilichoinuliwa na joto la kidole, kikishuka polepole kadiri kioo kinavyopoa. Baada ya hapo hakuna anayeuliza tena kwa nini kioo kilichotoka kusuguliwa hakipimwi papo hapo.

Kuhusu kupaka vioo utando unaoakisi mwanga, madini ya fedha tuliyoyapaka wenyewe kwa kutumia nitrati ya fedha hufubaa upesi katika hewa ya bahari, hivyo vioo vilivyokamilika vitapelekwa kupakwa alumini. Vitako vya plaiwudi vya kubebea darubini, vya mtindo aliouneza John Dobson huko San Francisco, vinaundwa vizuri na fundi seremala wetu, na sina la kuongeza.

Linabaki suala la chumba. Tunasaga na kung'arisha chini ya paa moja, na punje moja ya unga mnene ikinasa kwenye lami huchora kioo kilichokaribia kukamilika, mwenye nacho akalazimika kurudi kwenye kusaga. Hili limetokea mwaka huu, licha ya kudeki sakafu na kubadilisha aproni. Wanaosema ni nafuu kununua darubini dukani hawakosei kwa upande wa bei, ila chama hiki kilianzishwa na watu waliotaka kuziunda.

Kwa hiyo kamati inaomba mkutano uidhinishe kukodi chumba cha pili kwa ajili ya kung'arisha na kupima tu, kodi yake ilipwe kutokana na ada za wanachama, na mtu yeyote asiingie humo na nguo alizosagia.