Barua kwa mwanangu aliyepewa jezi namba 14

Mwanjelwa, Mbeya

Mwanangu,

Ugonile. Huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu haisimuliki. Asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, na kabla ya saa tatu vidole havikubali kushika sindano. Bibi yako anakusalimia. Anauliza kama huko Iringa wanawapa viazi vya maana au wali tu kila siku.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la asubuhi, ukichukue stendi ya Igumbilo. Kuna sweta, kuna karanga, na chini kabisa kuna kitu nitakieleza mbele. Malizia barua kwanza ndipo ukitoe.

Sasa tuongee habari ya jezi. Juzi uliponipigia ulikuwa na malalamiko matatu. Mawili uliyasema kwa kilio. La tatu ulilitaja haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara pale Kabwe. Umepewa namba 14 na 10 kachukua mwingine. Jezi ni kubwa. Bukta ni nyeupe.

La namba limemfurahisha baba yako mpaka akamwaga chai. “Kumi na nne! Kapewa ya Cruyff, halafu analia!” Basi jioni nzima ikawa ni somo. Kombe la Dunia la 1974, kule Ujerumani Magharibi, Waholanzi waligawa namba kwa kufuata alfabeti ya majina. Ndiyo maana golikipa wao, Jongbloed, alidaka na namba 8 mgongoni, na namba 1 akapewa Geels, ambaye ni mshambuliaji. Kwa mpangilio huo namba 1 ingekuwa ya nyota wao, Johan Cruyff, lakini yeye aliachiwa 14, aliyoizoea tangu akiwa klabu ya Ajax. Timu nzima inafuata orodha, mmoja anaruka mstari.

Hayo ni ya baba yako. Mimi ni fundi, nikamwomba simu nizitazame picha mwenyewe, nikakuta jambo ambalo naona ni kubwa kuliko namba. Wenzake wote wana mistari mitatu myeusi kutoka begani kushuka na mkono. Yake ni miwili. Jezi zile zilikuwa za Adidas, na mistari mitatu ndiyo alama yao. Cruyff alikuwa na mkataba na Puma, akakataa kuitangaza kampuni pinzani. Ikabidi atengenezewe jezi yake peke yake. Rangi ile ile ya chungwa, simba yule yule kifuani, mstari mmoja pungufu. Nimemfikiria sana fundi aliyeletewa kazi ile, maana kazi za namna hiyo nazijua: mteja anakuja na sharti lake dogo, na wewe unatakiwa ulitimize bila timu kuonekana imevunjika. Walifika fainali wakafungwa 2-1 na wenyeji, na sidhani kuna aliyeulaumu ule mstari.

La ukubwa wa jezi linanihusu mimi zaidi yako, kwa hiyo vumilia nikutubie.

Ulipokuwa darasa la nne nilipata oda ya jezi kumi na nane za timu moja ya mtaa. Kiongozi wao akaniambia, “Mama, kata zote saizi moja, tunataka sare.” Nilijua si sawa. Lakini kodi ya fremu ilikuwa inadaiwa miezi miwili, nikakata. Siku ya mechi nilikwenda kutazama kazi yangu. Beki wao mrefu kila akiruka kupiga kichwa kitovu kilitoka nje, uwanja mzima unashangilia kitovu. Na winga wao, kijana mdogo mdogo hivi, jezi ilimfika magotini, akaichomeka ndani ya bukta hadi namba yake ikakatwa katikati. Alikuwa namba 8. Juu ya bukta ikabaki duara moja. Wakamwita Sufuri, na jina hilo alitembea nalo msimu mzima. Hakuwahi kunilaumu, hata nikikutana naye sokoni ananiamkia vizuri. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Tangu hapo hakuna oda ya timu ninayoipokea bila kumpima kila mtu. Watu wananiona mgumu. Lakini nimeona kwa macho: ukiwakata wote sawa, wakisimama pamoja wanaonekana kama wameazima nguo. Ukimkata kila mmoja kwa mwili wake, wakipanga mstari mapindo yanalingana, na hapo ndipo unasema hii ni timu. Kiswahili chetu nacho kina utani wake. Sare ni nguo, na sare ni mechi ambayo hakuna aliyemzidi mwenzake. Kumbuka hata hiyo haipatikani kwa kukaa tu, watu wanaitolea jasho dakika tisini.

Siku nyingine Taifa Stars wakicheza, usikimbilie mpira. Watazame wakati wa wimbo wa taifa. Utaona bluu moja kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Kisha tazama tena: huyu mikono mirefu, yule mifupi, huyu soksi kazivuta hadi gotini, yule kazishusha, na nahodha ana kitambaa chake mkononi. Golikipa ndiye kabisa, sheria inamtaka avae rangi tofauti na wote, na hakuna anayesema si mwenzao.

Kwa hiyo yule rafiki yako wa bwenini anayeambiwa hijabu “itaharibu sare,” mwambie asiivue. FIFA iliruhusu tangu 2014, na kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023 Nouhaila Benzina, beki wa Morocco, alicheza nayo. Mwalimu akibisha, mwambieni fundi wa Mwanjelwa atashona ya kitambaa kile kile cha jezi, bure.

Sasa la bukta, ulilonong’ona. Mwanangu, hili lisikutie aibu, kwa sababu si lako peke yako. Wanawake wa Uingereza walichukua ubingwa wa Ulaya mwaka 2022 wakiwa na nyeupe juu hadi chini, na wakasema wazi kwamba bukta nyeupe inawapa mashaka wanapokuwa kwenye siku zao. Mwaka 2023 wakabadilishiwa, wakapewa bluu. New Zealand nao waliiacha nyeupe mwaka huo huo. Ni mabingwa waliosema, si watoto wa kulialia. Mtu anayejitazama nyuma kila dakika tano hawezi kuuona mpira.

Najua ulitaka nikushonee taiti nyeusi uvae ndani. Nimeikataa. Sheria za mpira zinataka taiti ifanane na rangi ya bukta au ya pindo lake la chini, na timu nzima wavae rangi moja. Mwamuzi angekutoa nje kubadilisha, mbele ya watu, na hapo aibu ingekuwa mara mbili.

Ndani ya kifurushi kuna barua ya pili, ya mwalimu wako wa michezo. Nimemwomba kwa heshima anikubalie nishone bukta nyeusi kwa timu nzima. Kitambaa nimeshakopa, pesa tutaongea baadaye. Mpelekee ukiwa na matroni. Mwanzo asipokuelewa, usibishane, mwache matroni aseme.

Akikubali, chukua kile kitu cha chini. Ni futi kamba yangu ya zamani, ile iliyofutika namba mwanzoni, kwa hiyo anzia sentimita kumi halafu utoe. Pima kiuno, nyonga, paja pale penye unene, na urefu kutoka kiunoni hadi juu kidogo ya goti. Mpime kila mmoja akiwa amesimama wima, futi isikaze wala isilegee. Usimuulize mtu saizi yake, wasichana wa umri wenu wote wanadanganya. Andika jina, kisha namba ya jezi, kisha vipimo, karatasi iwe moja.

Na yule aliyepewa 10, mpime wa kwanza.

Mama yako