Mwanangu, hizo ndege za kila wiki

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, kwamba kazini wameshakupa ratiba, kila wiki ndege kwenda na kurudi tena bizinesi klasi. Nimefurahi, usije ukadhani sijafurahi, hapa nyumbani nimewaambia wote hadi wamechoka kunisikia. Ila usiku usingizi ulikata, nawaza hiyo kila wiki.

We ndo ulinifungua macho kwenye haya mambo ya tabianchi halafu sasa umekaa kimya. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua inatoa kilo 3 na zaidi za hewa ya ukaa. Najua utasema ndege zote duniani ni kama asilimia 2.5 tu ya hewa hiyo, sawa, lakini wanaozipanda ni wachache mno, mwaka 2018 ilikadiriwa ni kama asilimia 11 tu ya watu wote duniani, na hicho kiti kipana kinakula nafasi ya wenzio kwa hiyo mzigo wako unaweza kufika mara tatu ya aliyekaa kiti cha kawaida. Kaa nyuma mwanangu, mnafika pamoja.

Juzi jioni naanua nguo ndege ikapita juu kabisa, ikaacha mstari mweupe mwembamba kama uzi, namaliza mashuka naangalia tena, uzi umeshatanuka umekuwa wingu limetanda. Ule ni mvuke unaganda barafu kwenye masizi ya injini, na usiku unazuia joto la ardhi lisipande likatoka. Miaka yote nilikuwa nauona urembo tu.

Sikwambii uache kazi. Zile safari fupi fupi ndo uzikatae, maana ndege inapopaa ndo inabugia mafuta, sasa upae ushuke, upae ushuke, kwa kikao cha masaa mawili ambacho video ingetosha? Au unganisha safari tatu ziwe moja ukae hukohuko. Ufaransa mwaka 2023 walizuia baadhi ya ndege za ndani pale treni inapofika chini ya masaa mawili na nusu, kwa hiyo sio ndoto zangu. Na wakikwambia kampuni imeshalipia miti ipandwe kufidia huo moshi usitulie, mti unakua kwa miaka, moshi unatoka leo.

Mi najua ninachosema. Ile miaka ya semina nilipanda ndege kwenda kusaini karatasi moja, basi lilikuwepo, na we una surua bibi yako ndo anakesha. Haya tuyaache.

Tenki limezibwa, halivuji tena. Begi lako fundi kabadilisha zipu ila mkanda wa bega hakuugusa, nitamrudishia kesho. Mjomba wako anakusalimia. Ukiongea na bosi wako kuhusu hizo safari fupi nipigie siku hiyohiyo, hata usiku.