Waraka haumwiti Onesimo mtoro

Mhariri,

Makala yenu ya juzi ilimwita Onesimo "mtumwa mtoro aliyemwibia bwana wake", kana kwamba Paulo ndiye aliyesema. Nimewafundisha watu wazima kwa miaka mingi Waraka kwa Filemoni, barua ya Agano Jipya ambayo Paulo alimwandikia bwana wa Onesimo, na maneno hayo yameniuma.

Waraka una aya 25 tu. Usomeni polepole. Hakuna panaposema kwamba Onesimo alitoroka. Aya ya 15 inasema alitengwa na Filemoni kwa muda, basi. Aya ya 18 inaanza na "kama": kama amekudhulumu, au unamdai kitu, nidai mimi. Hilo "kama" ni dogo lakini limebeba mengi, na wizi tumeuongeza sisi. Yohana Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa kanisa la kale, alimhubiri kama mtoro na mwizi, nasi tukapokea. Mwaka 1985 mtaalamu Peter Lampe alionyesha kuwa, kwa sheria ya Kirumi, mtumwa aliyemwendea rafiki wa bwana wake ili amwombee msamaha hakuhesabiwa mtoro. Wapo wanaompinga, lakini hoja yake haipuuziki.

Tena jina Onesimo maana yake ni mwenye manufaa. Paulo analichezea katika aya ya 11: zamani "akhrestos", asiyefaa, sasa "eukhrestos", afaaye sana. Sikio la Mgiriki wa enzi hizo lingesikia na "Khristos", yaani Kristo, humo humo.

Mtu ambaye Paulo anamwita "moyo wangu" msimwite mwizi bila ushahidi. Naomba mwandishi wenu asahihishe.

Mwalimu wa Biblia